Wavamizi Walipotua Machame

Kwa zaidi ya miaka sitini Efraimu aliwatambia watu wa Machame kwamba ujanani aliigiza katika filamu ya Wazungu, yeye akiwa mkuu wa wavamizi kutoka sayari nyingine. Mdogo wake, Agness, hakuwahi kumwamini. Kaka akianza kusimulia, yeye huinuka akamkatie ng'ombe majani.

Basi mjukuu wao Rachel akaipata filamu ile mtandaoni, na Jumapili moja baada ya ibada ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa usharika. Mgeni rasmi alikuwa diwani. Alisema filamu hiyo inathibitisha kwamba wawekezaji walituamini tangu zamani, hata wale wa nje ya dunia. Akapigiwa makofi.

Chombo cha wavamizi kikashuka mlimani kikining'inia kwenye uzi ambao kila mtu aliuona. Mzungu mwenye kaptula akawaambia wenyeji wasiogope, maadamu yeye yupo. Ndipo migombani akatokea mvamizi, bati kifuani, sufuria kichwani.

"Ndiye mimi!" Efraimu akapaza sauti.

Agness alikuwa ameikazia macho sufuria. Ilikuwa na mkono mmoja uliopinda.

"Kaka, hiyo si sufuria ya mama? Ile niliyochapwa kwa kuipoteza?"

"Ilikuwa sanaa, Agness."

"Sanaa! Nilichapwa mpaka nikakiri kosa nisilolifanya!"

Ukumbi ukachafuka. Wazee wa kanisa wakadai kesi isikilizwe palepale, diwani akapendekeza iundwe kamati. Nyuma yao Mzungu aliendelea kuikoa dunia, wala hakuna aliyemtazama.

"Bibi, angalia!" Rachel akaita.

Kwenye picha wanakijiji walikuwa wakikimbia huku wakipiga mayowe. Mwanamke mmoja, mkungu wa ndizi kichwani, akasimama mbele ya mvamizi, akamwekea sufuria vizuri isimwangukie, kisha akakumbuka kuogopa, akakimbia.

Wazee wa kanisa wakaiacha kesi, wakageukia picha.

"Mama," Efraimu akasema taratibu.

"Alijua!" Agness akasema. "Alijua, na bado akanichapa!"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia kiti, machozi yakimtiririka. Hawakuwa na picha hata moja ya mama yao. Mchungaji akauliza kwa upole kama filamu iendelee, maana dunia ilikuwa imebakiza dakika chache.

"Dunia itangoja, Baba Mchungaji," Agness akasema, akimsogelea kaka yake kwenye benchi. "Rachel, mrudishe mama."