Wasiogonga Mlango

“Sumu gani? Nitajie jina lake! Watu wanakunywa hapa tangu babu yako hajajua kufunga kifungo!”

“Babu yangu mwache apumzike. Kisima chako kimefungwa na serikali. Mimi na serikali wapi na wapi?”

“Nani alipeleka maneno kama si wewe?”

“Mimi nilipeleka tumbo hospitali, mama. Maneno yalinifuata yenyewe.”

Kicheko kikalipuka barabarani, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa Daktari usingizini. Alikuwa amesinzia kitini, viatu miguuni, mkoba mapajani. Ndotoni alikuwa akipita wodini. Vitanda vimesimama ndani ya maji, na wagonjwa wote wameelekea ukutani, hakuna hata mmoja aliyetaka kumwonyesha uso. Akafumbua macho. Mwanga wa adhuhuri ulipenya pazia ukacheza darini, ukitetema kama maji ya beseni, hata asijue ndoto imeishia wapi na nyumba imeanzia wapi.

Sauti alizijua. Iliyopanda ni ya Mama Pacha, mwenye kisima cha ua wa pili, mama wa mabinti wawili waliofanana mno hata yeye mwenyewe huwaita “nyie” asije akakosea. Iliyotulia, ya kuchoma polepole, ni ya fundi cherehani wa baraza inayofuata. Siku ya tisa hiyo wanagombana, na aliyewagombanisha ni yeye Daktari. Ni yeye aliyekuja na mfuniko wa bati, mnyororo na kopo la rangi nyekundu, akaandika HATARI kwa mkono uliozoea kuandika dawa. Watu wakasimama wakiulizana imeandikwa nini.

Miaka kumi na minane alikuwa daktari wa wodi, na wodi ilimpenda. Kilichomtoa huko ni seremala mmoja aliyelazwa mara nne katika msimu mmoja wa mvua, tumbo lile lile. Mara ya nne alikuja na kigoda alichokitengeneza mwenyewe. “Cha wanaokuja kunitazama,” alisema. “Maana naona nimeshahamia.” Wodi nzima ilicheka. Daktari naye alicheka, kisha akaingia stoo ya mashuka akalia. Aliona anatwanga maji kwenye kinu: anamponya mtu, anamrudisha kwenye maji yale yale yaliyomleta. Nafasi ya afisa afya wa mji ilipotangazwa, akaomba. Wenzake wakamtania kwamba anaacha wagonjwa aende kukagua vyoo.

Kazi mpya haikuwa na nyuso. Ilikuwa na ramani kubwa kwenye ukuta wa sebule yake na kikopo cha pini. Kuhara kulipoingia mjini, alichukua daftari la hospitali, akachoma pini moja kwa kila mgonjwa, pale anapoishi. Alikaa mbele ya ramani hiyo mpaka mitaa ikaanza kuelea machoni pake, na pini zikakusanyika zenyewe, kama nzi kwenye tunda lililopasuka, kukizunguka kisima cha Mama Pacha. Kumi na moja. Majibu ya maabara yangechukua siku kadhaa naye akaogopa kusubiri. Akafunga.

Aliyemfumbua macho hakuwa mtaalamu yeyote. Ni shangazi yake, aliyekaa naye nyumba moja na kujua habari za mitaa minne bila kuvuka kizingiti.

“Hiyo ramani yako,” shangazi aliuliza juzi, akichambua mboga, “mbona kule mlimani hakuna hata pini?”

“Kule hawaumwi, shangazi.”

“Hawaumwi! Muuza mkaa kazikwa Jumanne, mkewe hajiwezi. Wanaumwa sana, ila hawaji. Kuteremka mlima na tumbo la kuhara, mwanangu, ni vitu viwili visivyopatana.”

Daktari aliigeukia ramani. Miaka yote hiyo, kwake mgonjwa alikuwa ni yule aliyegonga mlango. Alibadilisha cheo, akasahau kubadilisha masikio.

Siku iliyofuata akapanda mlima, nyumba kwa nyumba. Karibu kila alikoingia palikuwa na mtu amelala mkekani, na kila alipouliza maji, kidole kilionyesha upande mmoja: kisima cha chini ya tanuri la matofali. Maji ya visima vyote vya mji yalikuwa maabara tangu siku aliyofunga. Leo asubuhi majibu yalitoka. Cha Mama Pacha, safi. Cha mlimani, kichafu kupita kiasi. Akapitia nyumbani kuchukua ufunguo wa kufuli, akakaa mara moja tu, usingizi ukamchukua.

Na tangu afunge kile kisafi, mtaa mzima ulikuwa ukipanda mlimani kuchota kile kichafu. Hata sasa, kupitia upenyo wa pazia, aliziona ndoo zikipita moja baada ya nyingine, zimejaa, zikimeremeta juani, nzuri ajabu.

Akinyamaza, wanakunywa. Akisema, nani ataamini mdomo uleule mara ya pili?

Alitoka. Barabara ilionekana ndefu kuliko ilivyo, na watu waligeuka polepole, kama walio chini ya maji.

“Afadhali umekuja,” alisema fundi. “Mwambie huyu mama alivyotulisha vijidudu.”

“Kisima cha dada ni kisafi,” alisema Daktari. “Nilikosea.”

Cherehani ya fundi ilisimama.

“Rudia,” alisema Mama Pacha. “Rudia, na wa nyuma wasikie.”

“Nilikosea, dada. Nilikifunga kisima chako bila haki, nikakuchafulia jina. Kibaya ni cha mlimani. Naomba kila mwenye ndoo ya kule amwage sasa hivi.”

Zogo likaanza. “Leo kile, kesho kipi?” “Tunywe mate?” Mwanamke mmoja akaikumbatia ndoo yake kama anayenyang'anywa mtoto. Fundi akakunja mikono.

“Daktari, kwa heshima zote. Mimi nimelazwa siku tatu. Naishi hapa. Mlimani sina hata shemeji. Kisima cha huyu kama ni kisafi, mimi niliharishwa na nani?”

Daktari akamtazama. Siku fundi alipolazwa, Daktari alikuwa amekwenda hospitali kusaidia kupokea wagonjwa, akamuuliza mwenyewe jina, umri, anaishi wapi. Akafunga daftari. Swali moja hakuuliza.

“Fundi, kabla ya kuugua, ulikunywa maji wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwingine?”

“Kwingine wapi? Nilikuwa nashona wiki nzima, sare za...” Akasita. Kidole chake kikagusa tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni. “Sare za shule.”

“Shule ipi?” akauliza Mama Pacha, sauti tamu ghafla.

“Ya mlimani,” alisema fundi kwa sauti ndogo. “Nilikwenda kuwapima. Jua lilikuwa kali. Wakanipa maji.”

“Vikombe vingapi, baba?”

“Vitatu.”

Mtaa ukaangua kicheko cha kuvunja mbavu. Katikati yake mtu mmoja akasema kumbe hata yeye alikuwa tanurini siku zile, mwingine akasema mumewe hubeba matofali huko. Yule aliyeikumbatia ndoo akaiinamisha bila kuambiwa tena. Maji yakatambaa vumbini, yakafuatwa na mengine, mpaka barabara nzima ikameta.

Daktari alipiga magoti akafungua kufuli. Mnyororo ulikuwa wa moto kwa jua. Mama Pacha alisimama juu yake, hakumsaidia, mpaka bati likaondoka na ubaridi wa kisima ukawapanda usoni wote wawili.

“Dada, nitakuja kuomba radhi vizuri. Sasa nakimbilia mlimani kabla—”

“Kufunga?”

“Kufunga, na kuwaambia waje kuchota hapa. Ukiruhusu.”

Mama Pacha akashusha pumzi ndefu. “Mlima mzima kwenye ua wangu,” alisema. “Utanimaliza wewe.” Kisha akamshika mkono, akaugeuza, akautazama kama yeye ndiye daktari. “Umekula leo?”

“Bado.”

“Jana?”

Daktari hakukumbuka.

“Nyie!” Mama Pacha akaita, na nyuso mbili zinazofanana zikachomoza mlangoni. “Mmoja ateremshe sufuria, mmoja abebe ndoo zetu atangulie mlimani, awaambie wasinywe, Daktari anakuja akishakula. Fundi, na wewe ingia, uache kununa. Mdogo wangu, vua viatu, pita ndani. Kaa. Ule.”