Kitambaa Chini ya Usukani

Mueni alichimbiwa makaburi mawili. La kwanza lilikuwa Kalama, kwa baba yake. La pili lilikuwa Wamunyu, kwetu, kando ya nyumba aliyoishi na kaka yangu Kyalo kwa miaka minane. Katika miaka hiyo yote Kyalo hakupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao kwetu Wakamba ndio humfanya mwanamke awe mke wa mtu. Kila mwaka alisema mvua ikinyesha vizuri atapeleka. Mvua haikunyesha vizuri, na Mueni akafa kwa homa ya mapafu, baada ya kuugua siku nne tu.

Baba yake, Mzee Masila, hakufoka. Alisema kwa simu, "Jumamosi, mbuzi wakiingia langoni kwangu kabla ya saa sita, mchukueni mke wenu. Saa sita ikipita, ninamzika binti yangu."

Jumamosi saa tatu na nusu tulikuwa Machakos mjini, na safari iliyobaki ilikuwa ya nusu saa. Kyalo alikuwa akiendesha Probox yake kuukuu. Kando yake aliketi Baba Mdogo Ndunda, ambaye ndiye angetusemea. Mimi, Nzisa, nilikuwa kiti cha nyuma, na nyuma yangu mbuzi walikuwa wamechafua kila kitu.

"Hatuwezi kufika kwa wakwe tukinuka hivi," Baba Mdogo akasema. "Watasema tumewaletea zizi."

Kyalo akakata kona, akaingia mahali pa kuoshea magari. Mbuzi wakafungwa kwenye nguzo. Muoshaji alikuwa mama mmoja aliyevaa buti za mpira, Kaluki. Aliposikia tunakwenda kwa wakwe akatia bidii. Alisugua viti, akasugua sakafu, akajipenyeza na brashi hadi chini ya usukani. Saa nne na robo gari lilikuwa linanukia sabuni.

Kyalo akazungusha ufunguo. Injini ikawaka, ikazima. Akarudia. Ikawaka, ikazima. Taa ndogo nyekundu yenye umbo la ufunguo ikawa inapepesa mbele yake. Akaingiza mkono chini ya usukani, akapapasa, akapapasa tena, kisha akautoa mtupu.

"Mama," akamwambia Kaluki, "hapa kulikuwa na kitambaa kimebandikwa na selotepu."

"Kile cha kijani? Si nilitoa. Nilidhani ni takataka, baba."

Ufunguo wa awali ulivunjika miaka miwili iliyopita. Fundi wa Wamunyu alimchongea Kyalo mwingine wa chuma kitupu. Chipu ya ule wa zamani, kitu kidogo kama punje ya hindi, ilibidi ikae karibu na swichi, la sivyo gari lingekataa kuwaka. Mueni ndiye aliyeiviringisha kwa kipande cha leso yake na kuibandika pale ili isipotee.

Maji ya sabuni yalikuwa yamekisomba kitambaa hadi mtaroni. Kyalo akavua viatu, akashuka kwenye tope na suruali yake ya mazishi. Kaluki akamfuata bila kuombwa.

Fundi wa funguo mwenye mashine ya chipu alikuwa Kitui, angerudi saa nane. Magari ya kukodi yote yalikuwa yamekwenda kwenye harusi na matanga. Zilibaki pikipiki, zimejipanga ng'ambo ya barabara.

"Baba Mdogo, mbuzi watatu, pikipiki mbili," nikasema. "Kabla ya saa tano tumefika."

"Mbuzi wa ntheo hawafungwi kwa pikipiki kama magunia ya makaa, Nzisa. Masila atatucheka mpaka kizazi cha nne."

"Acheke, bora atupe Mueni."

Mwendesha pikipiki mmoja akasogea. "Mzee, mimi nimebeba hata ndama kwenda kwa wakwe."

"Na walimpokea?"

"Walimpokea. Ndama hana aibu."

Baba Mdogo hakucheka. "Enda naye basi, Nzisa. Ukifika, utasema na nani? Wewe ni mzee wa ukoo?"

Nikamgeukia Kyalo mtaroni. "Sema kitu."

Kyalo alimtazama Baba Mdogo, kisha akatazama tope. "Bila yeye sina wa kunisemea," akasema, akaendelea kupapasa.

Saa sita kasoro dakika kumi nikampigia Mzee Masila, nikaomba saa moja.

"Binti," akasema, "nimengoja miaka minane. Chukueni nusu saa."

Saa sita na dakika arobaini Kaluki alinyoosha kiganja chenye kitambaa cha kijani. Akakisuuza, akakibandika mwenyewe. Gari likawaka. Tukawafungua mbuzi, tukawapakia.

Tulipofika Kalama nyimbo zilikuwa zimekwisha, na wanaume wanapigapiga udongo wa kaburi kwa migongo ya majembe. Baba Mdogo alishuka, akafunga vifungo vya koti, akaanza, "Wazee wetu, sisi tumetumwa…"

Mzee Masila alilitazama gari.

"Gari yenu ni safi," akasema. "Rudini na mbuzi wenu."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Bonface, binamu yetu, akipiga kutoka Wamunyu, na nyuma yake nilisikia watu wengi. "Mko wapi? Kaburi liko tayari."

Baba Mdogo aliichukua simu, akasema taratibu, "Zuieni watu wasiende. Kaburi halilali wazi, litadai mtu mwingine. Tunaleta mgomba uzikwe mahali pake."

Wamunyu migomba haioti, ni kukavu. Mzee Masila aliagiza tukatiwe mmoja kijitoni kwake, na hakutaka shukrani. Tuliusukuma ndani, katikati ya mbuzi. Maji yake yakatiririka kwenye viti vilivyosuguliwa.

Kyalo alipapasa chini ya usukani, kisha akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.