Pampu ya Jengo Zima

Kijana aliyeandika programu ya kuendesha makufuli ya kadi, taa na pampu ya maji ya jengo la shangazi yake alikuwa akilala bure chumba cha chini, na shangazi hakuacha siku ipite bila kumkumbusha. Kwa hiyo maji yalipokatika jengo zima, alijua cha moto atakiona.

Shangazi, kwa simu yake, alikuwa amemfuta kwenye programu mpangaji mmoja tu: mshonaji wa ghorofa ya pili, waliyemwita Pindo. Kosa lake ni kumjibu shangazi mbele ya watu kuhusu dari inayovuja. Kufuli la Pindo likagoma, taa zake zikazimika, kama ilivyopangwa. Lakini na pampu ikazimika. Wapangaji wakateremka na ndoo tupu, wakamkuta Pindo kafungiwa nje, wakauliza, wakaambiwa. Zogo lililozuka hapo si la kusimulia! Shangazi akalazimika kumrudisha, mdomo kaubinua.

"Umeniaibisha," alimwambia kijana.

Kijana alifungua kompyuta. "Ni kibomoaji, shangazi. Kipande cha programu kinachofanya usafi kitu kinapofutwa. Klasi ni kama ramani ya chumba. Kila chumba ni nakala yake. Nakala ikifutwa, kibomoaji chake kinaachia ilichoshika yenyewe: kufuli, taa. Pampu ni ya klasi nzima, mimi nikaiweka kwenye kibomoaji cha nakala."

"Sema nikuelewe, mwanangu."

"Ni kama mtu anahama na kitanda chake, halafu anang'oa na bomba la jengo."

"Sasa?"

"Pampu naihamishia kwenye kibomoaji cha klasi. Hicho huwezi kukiita wewe wala mimi. Kinajiendesha mara moja tu, programu yenyewe inapozimwa. Futa mpangaji yeyote, pampu haishtuki."

Shangazi alivuta kiti karibu. "Kwa hiyo nikimtoa mmoja, wengine hawatajua?"

"Hawatajua kabisa!" alisema kijana kwa majivuno. Kisha akaliona tabasamu la shangazi, akaelewa anamuwazia Pindo. Angeweza kusingizia kwamba bado anajaribu. Akahifadhi mabadiliko.

Kesho yake Pindo alitoka kununua uzi. Aliporudi, kadi yake haikufungua mlango. Juu, mtu alikuwa akifua huku anaimba, bomba linamwagika. Pindo akagonga kwa jirani.

"Pole, dada," jirani alisema kupitia upenyo wa mlango. "Ila kwetu maji yapo."

Akagonga kwingine, wakachungulia, wakarudi ndani. Mwishowe akamfuata kijana chumbani kwake.

"Fundi, hii mitambo ni yako. Nifungulie nitoe cherehani tu. Ndiyo mkono wangu ule."

Ilikuwa kazi ya mstari mmoja, na kompyuta ilikuwa wazi mapajani mwa kijana.

"Sina ruhusa, dada," alisema.

Pindo aligeuka, akatoka. Alikaa kwenye ngazi hadi jua likapungua makali, watu wakimruka kupita, kisha akaondoka na mfuko wake wa uzi.

Shangazi hakungoja. "Kazi safi, mwanangu. Sasa katoe vitu vya Pindo chumbani, mpangaji mpya anaingia."

Cherehani ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kitambaa cha mteja kilikuwa bado kimebanwa chini ya sindano. Kwenye ngazi jirani yule yule alimpisha, akaona anavyohangaika, akashika upande wa pili. Wakaiteremsha pamoja mpaka stoo, wakiongea habari za mpira.