Fupi Mbele, Ndefu Nyuma

Gari la Mjomba lilifika gereji saa tatu asubuhi likiwa limebebwa mgongoni mwa lori, na Mjomba mwenyewe alikuwa ndani yake. Alikuwa amekataa katakata kupanda mbele na dereva wa lori. Aliketi kwenye kiti chake, mkanda kifuani, mikono miwili kwenye usukani, akitazama mbele kana kwamba ndiye anayeendesha msafara mzima. Mwanawe alishuka kwanza kutoka kwa dereva wa lori, uso umekunjamana.

Gari liliposhushwa, fundi mwenye gereji alijifuta mikono akaenda kuwapokea. Alikuwa mpwa wa mzee huyo, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Ufundi aliujifunza kwanza kwa Mjomba, akiwa bado hajafikia pedali, kisha akasoma chuo cha ufundi miaka miwili. Tangu siku aliyorudi na cheti, Mjomba hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita Injinia. Jina hilo lilianza kama dhihaka, likaota mizizi, na sasa hata wateja hawakujua kama ana lingine.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Injinia. Nimekuletea mgonjwa." Mzee alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Ni huyu. Amekosa usingizi tangu Jumamosi."

Mwana alikuwa mwalimu wa hesabu, na wote walimwita Mwalimu, hata nyumbani. Alieleza mambo kwa mpangilio, kama anavyoeleza darasani. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na mara mbili kwa wiki Mjomba humpeleka hospitali kufanya mazoezi. Jumamosi walikuwa wanarudi. Walipofika kwenye changarawe mbele ya nyumba, Mjomba alikanyaga breki, gari likaenda kulia, likakwangua nguzo ya geti. Taa moja ilivunjika. Mama hakuumia, lakini alitetemeka hadi jioni. Mwalimu alikuwa amepiga mahesabu yake: baba ana miaka sabini na miwili, mguu umekuwa mzito, haufiki kwenye breki kwa wakati. Alitaka ufunguo wa gari.

Mjomba alisema gari lilivuta lenyewe. Mwalimu akasema kila anayegonga nguzo husema hivyo. Wakaanza kurushiana maneno, na Injinia alilazimika kuingia kati.

Walikubaliana jambo moja. Injinia angezifungua breki za nyuma, na atakachokikuta kingesemwa mbele ya wote wawili. "Kama breki ni nzima," Mjomba alisema, "ufunguo chukua leo hii. Sitadai."

"Na kama ni mbovu?" Mwalimu aliuliza.

Mjomba alishuka garini polepole, akaenda kusimama kando ya meza ya vifaa, akawa anageuza spana moja mkononi.

Injinia alielewa ukimya ule. Breki za nyuma zilikuwa zimebadilishwa wiki tatu tu zilizopita, na aliyezibadilisha ni Mjomba, uani kwake, kwa mikono yake. Ikiwa breki ni nzima, mguu ndio mbovu. Ikiwa breki ni mbovu, basi mikono iliyofunga breki kwa miaka arobaini ndiyo mibovu. Huku moto, huko kaa la moto. Mzee alikuwa ameliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kazi ilianza. Injinia aliweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, akaachia hendibreki, akainua nyuma kwa jeki, akaliketisha gari juu ya stendi mbili na kulitikisa kuhakikisha halichezi. Alitoa gurudumu la kulia, kisha akaenda upande wa pili na kufungua nati za la kushoto.

"Unafanya nini?" Mjomba aliuliza.

"Nafungua kote."

"Nimekufundisha hivyo mimi?"

Hakuwa amemfundisha hivyo. Sheria ya Mjomba ilikuwa upande mmoja kwanza, upande wa pili uachwe umefungwa, ili fundi akisahau springi gani inakaa wapi aende akachungulie. Ilikuwa sheria nzuri, na Injinia aliifuata kila siku. Lakini alimweleza kwamba leo habadilishi kitu, anatafuta. Anayetafuta tofauti lazima aone vyote viwili. Mjomba aliguna, akageuza spana mara nyingine, hakupinga.

Drami ya kulia, bakuli la chuma linalofunika breki, ilitoka kwa mapigo matatu ya nyundo ya mpira. Ya kushoto ilitoka kwa mkono. Injinia alilowesha vumbi kwa dawa ya kusafishia ili lisipeperuke, akapangusa, akamulika kwa tochi. Hakuhitaji kumulika mara ya pili.

Kila gurudumu la nyuma la gari lile la zamani lina brekshuu mbili, vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, kila kimoja kimevikwa lainingi inayosugua drami. Kwa macho ya haraka ni mapacha. Chuma ni kilekile, matundu ni yaleyale. Lakini lainingi ya moja ni fupi kuliko ya mwenzake, kwa upana wa vidole viwili hivi. Fupi hukaa mbele, upande wa pua ya gari. Ndefu hukaa nyuma. Dereva akikanyaga, fupi hushika kwanza na kuisukuma ndefu, na ndefu ndiyo hubeba kazi kubwa. Boksi jipya huja na nne: fupi mbili, ndefu mbili. Kila gurudumu lipate moja ya kila aina.

Gurudumu la kulia lilikuwa na ndefu mbili. La kushoto lilikuwa na fupi mbili.

Gari lilikuwa limevuta kweli. Kulia kulishika kwa nguvu, kushoto kulibembeleza. Kwenye lami kavu dereva angehisi kitu kidogo tu. Kwenye changarawe, nguzo ya geti ingemfuata.

Injinia alibaki amechuchumaa. Mwalimu hakujua brekshuu wala springi. Angeweza kumwambia springi imelegea, au kwamba boksi lilitoka kiwandani na kasoro. Mjomba angeondoka na ufunguo wake na sifa zake zote. Wazo hilo lilimpitia, naye akaliacha lipite. Breki zinazosemewa uongo leo huua kesho, na aliyemfundisha hivyo alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale.

"Mjomba," aliita. "Njoo uone wewe kwanza."

Mzee aliinama. Goti moja lililia. Alitazama kulia, akaweka dole gumba kwenye ncha ya lainingi ya mbele, kisha kwenye ya nyuma. Akaenda kushoto, akafanya vilevile. Alirudia. Aliposimama, sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mguu wangu ni mzima," alimwambia mwanawe. "Lakini usifurahi kwa niaba yangu. Hizi nimezifunga mimi, na nimezifunga vibaya. Ndefu na ndefu, fupi na fupi. Mwanafunzi wa wiki ya pili hakosei hivi."



Injinia hakuridhika. Alimjua Mjomba. Mtu anaweza kuzeeka, lakini hazeeki kwa namna hiyo, kwa mara moja na kwa mpangilio mzuri kiasi hicho. Kosa la mikono iliyochoka huwa la ovyo. Hili lilikuwa nadhifu. Akamwomba amsimulie siku ile ilivyokwenda, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Mjomba alisimulia. Siku hiyo drami zote mbili zilikuwa zimepelekwa kuchongwa, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa wazi na hapakuwa na upande wa kuchungulia. Hakujali, kwa sababu alikuwa na kitambaa. Injinia alikijua kitambaa hicho. Kwa miaka yote Mjomba hutandika kitambaa chini na kupanga vipuri kama vinavyokaa kwenye gari: vya kushoto kushoto, vya kulia kulia, cha mbele juu, cha nyuma chini. Akishapanga, haangalii tena. Mkono huenda, huchukua, hufunga. Siku hiyo alipanga fupi mbili juu, ndefu mbili chini. Kisha mkewe alimwita amsaidie kunyanyuka kitandani. Alikaa ndani kama robo saa. Aliporudi alifunga kilichokuwa kushoto upande wa kushoto, na kilichokuwa kulia upande wa kulia.

"Na kitambaa hakikuguswa?" Injinia aliuliza.

"Nani aguse kitambaa changu? Hata paka wa nyumba ile ana adabu."

Mwalimu alikuwa ameanza kutazama viatu vyake.

"Dada," alisema hatimaye, akimgeukia Injinia kwa kuwa hakuweza kumgeukia baba yake. "Mimi nilipita pale."

Alikuwa amekuja kumwona mama. Alipita uani, akakuta vyuma vinne vipya juu ya kitambaa, na jicho lake la hesabu likaona vimechanganywa: kila upande umepewa kimoja kirefu na kimoja kifupi. Akadhani mzee amevimwaga tu kutoka kwenye boksi. Akavipanga. Virefu viwili pamoja kulia, vifupi viwili pamoja kushoto, ncha zimelingana. Kisha akaingia ndani kumsalimia mama, na hakukumbuka tena.

"Nilidhani nasaidia," alisema.

Injinia alitazama pembeni ili asicheke. Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri.

"Umesema bila kuulizwa," alisema. "Hilo nimelisikia. Sasa nisikilize na wewe. Kitambaa si fundi. Fundi ni mimi. Nilikuwa na dole gumba, nilikuwa na mchana mweupe, na sikupima. Wewe ulikosa kwa kutojua. Mimi nilikosa huku najua. Usinibebee mzigo wangu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa mwalimu, na hoja yake ya kwanza ilikuwa bado haijajibiwa. Alisema kwa heshima kwamba breki mbovu hazithibitishi mguu mzima. Huenda vyote viwili vina kasoro. Alitaka mguu upimwe.

"Upimwe," alisema Mjomba. "Ila kwanza tufunge."

Injinia aliagiza boksi jipya kutoka duka la jirani, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeanza kulika vibaya. Alifunga kushoto. Mjomba alivua koti na kufunga kulia, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipaka grisi kidogo sana pale brekshuu zinapogusa bamba la nyuma. Alivuta springi kwa koleo, akaangalia kwamba adjasta ya kulia, skrubu ya kurekebisha breki, imebaki kulia, maana nyuzi zake hazifanani na za kushoto. Kabla ya drami kurudi, alimwita mwanawe achuchumae.

"Weka dole hapa. Mbele?"

"Fupi."

"Nyuma?"

"Ndefu."

"Nenda upande wa pili ukamkague dada yako. Usimwonee haya."

Mwalimu alikagua. Injinia alikaza adjasta hadi magurudumu yakazunguka kwa msuguano mwepesi, sauti ya kiganja kwenye karatasi, sawasawa kulia na kushoto. Gari likashushwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelijaribu kwanza, mwendo wa polepole, mbele na nyuma mara kadhaa, kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya gereji. Aliporidhika, alimpisha Mjomba.

Mwalimu alikaa kiti cha abiria. Masharti aliyaweka yeye. Baba ataendesha mwendo wa kilomita thelathini. Mwana atapiga dashibodi kwa kiganja, bila kuhesabu wala kuonya, na hapo hapo gari lisimame.

Mara ya kwanza kiganja kililia na gari likasimama karibu kwa pamoja. Mara ya pili Mwalimu alijaribu hila. Aliinua mkono, akausitisha hewani. Injinia alisikia sauti ya Mjomba kupitia dirishani ikimshauri mwanawe kwamba kama anawashwa kichwa ajikune tu, asimtishe mtu aliye kazini. Kiganja kilianguka katikati ya sentensi. Gari lilisimama kabla sentensi haijaisha. Mara ya tatu Mjomba alikanyaga hadi mwisho, magurudumu ya nyuma yakakwama, changarawe ikarushwa.

Mwalimu alishuka na futi ya chuma aliyoazima mezani. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazini, akapima mfereji uliochimbwa na gurudumu la kulia, akapima wa kushoto, kisha akarudia wa kulia kwa kuwa hakujiamini. Ilikuwa mistari miwili iliyonyooka, na tofauti ya urefu haikufika upana wa kidole.

Alirudi hadi dirisha la dereva. "Mguu hauna neno, baba," alisema. "Ufunguo sitauomba tena."

"Mguu umefaulu," Mjomba alisema. "Mkono bado." Akamgeukia mpwa wake. "Breki nitaendelea kufunga, Injinia. Nikiacha nitaoza. Lakini kuanzia leo gari nililofunga mimi haliingii barabarani kabla wewe hujalikagua. Na ukikuta kosa, useme mbele ya watu, kama leo."

"Nitasema, Mjomba."

"Najua. Ulichungulia, ukakaa kimya pale chini. Niliona unanipimia uongo."

"Nilipima. Haukukutosha."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi cha kifuani. Alitazama saa. Mama alitakiwa hospitali saa nane, na kwa mwendo wa busara wangemchukua na kufika kwa wakati. Mwalimu alizunguka, akafungua mlango wa nyuma na kuketi huko, akaeleza bila kuulizwa kwamba kiti cha mbele ni cha mama, kwa ajili ya goti. Mjomba aliwasha taa ya kuashiria, akangoja mwendesha baiskeli apite, akaingia barabarani.