Sindano ya Mzee wa Plamu

Ilikuwa mwaka 2011, mwezi wa Septemba, majani yanapoanza kupukutika, wakati ambapo plamu huiva katika vijiji vya Bamberg, Ujerumani, na nyigu hujipenyeza hata kwenye vikombe vya chai. Sanchari Guha aliamka Jumapili hiyo akiwa ametimiza miaka thelathini na minne, na jambo la kwanza alilolifanya ni kumwaga vitu vyote vya mkoba wake juu ya kitanda cha hoteli, kwa mara ya tatu. Sindano hazikuwamo.

Zilikuwa mbili, zenye umbo la kalamu nene, ndani ya kifuko cha kijani alichoshonewa na mama yake. Sasa alikumbuka waziwazi alipokiacha: Kassel, bafuni, kwenye ndoano ya mlango, chini ya taulo. Tangu utotoni mwili wake haukuvumilia korosho. Chembe iliyosagwa ilitosha kumvimbisha ulimi na kumziba koo, na mara mbili alikuwa amefikishwa hospitalini kwao Kolkata, India, akiwa hajitambui. Sindano hizo, za dawa ya kufungua pumzi, ndizo zilizompa moyo wa kusafiri. Bila hizo alijiona kama mtu anayetembea juu ya ukingo wa paa.

Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, isipokuwa moja la zamu, nalo lingedai cheti cha daktari. Aliamua kusubiri Jumatatu. Siku hiyo angekula wali mtupu na mtindi, basi. Alilolihofia zaidi ya njaa ni kuwaambia wenzake.

Walisafiri watatu. Jhuma alikuwa mbele yake kwa miaka miwili chuoni, na tangu siku zile za bweni alimtunza kama mdogo wake wa tumbo moja. Mintu alikuwa karani wa benki, mcheshi, mwenye tumbo lililozoea wali mara mbili kwa siku. Kabla hawajaondoka Kolkata, Mintu alikuwa ameorodhesha daftarini hoteli za vyakula vya Kihindi za kila mji ambao treni yao ingepita, na mbele ya kila moja akaacha nafasi ya alama. Hamburg ilipata tatu kati ya kumi, kwa kuwa mchuzi wa samaki ulitiwa sukari. Hannover ilipata mbili. Dengu zake, alisema, zilimfaa mgonjwa aliyetoka kung'olewa meno. Göttingen na Kassel hazikupata kitu, kwa sababu hawakula. Kote huko Sanchari aliuliza kuhusu korosho, wahudumu wakasitasita, nao watatu wakainuka na kutoka. Mintu alikuwa ameshinda siku mbili kwa mkate na soseji.

"Sikujua kwamba tunasafiri na bwana afya," alikuwa amesema kwenye treni ya kuja Bamberg, huku akiutazama mkate wake kama barua ya msiba. "Huko Bamberg atafungia jiko, na leseni atachukua."

Sanchari alikuwa amecheka, lakini maneno yale yalimchoma. Kwa hiyo asubuhi hiyo aliviokota vitu vyake kitandani, akafunga mkoba, akashuka ngazi akitabasamu.

Hoteli ya chakula waliyoiendea hapo Bamberg ilikuwa karibu na daraja. Mwenyewe, Harjot Bhullar, alikuwa Mpunjabi mwenye kilemba cha buluu aliyeishi mjini hapo miaka ishirini na sita. Mintu alikuwa ameambiwa kwamba hapo hupikwa samaki wa haradali kama wa kwao, na alipoonja tonge la kwanza alifumba macho. Kisha akafungua daftari, akaandika tisa, akalifunga polepole. Jhuma alimtania kwamba alikuwa akilia. Naye alijibu kwamba ni haradali tu, imempanda puani.

Sanchari hakuwa na raha. Kila bakuli lililopita karibu na sahani yake alilifuata kwa macho. Mintu alipochota samaki kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi wa kuku, alihesabu moyoni mabakuli ambayo kijiko hicho kilipitia. Aliusogeza wali wake mbali, kwenye pembe ya meza, akala kwa ncha za vidole.

Ndipo alipomwona yule mzee. Alikuwa peke yake kwenye meza ya dirishani, kitambaa kimechomekwa kwenye ukosi, anakula mchuzi wa kondoo uliokuwa mwekundu kwa pilipili. Mbele yake palikuwa na glasi ya maji ya matofaa, na juu ya glasi aliweka kile kikadi kigumu cha kuwekea bia, ili nyigu asiingie. Nyigu mmoja aliizunguka meza. Mzee aliacha kula, akakaa bila kutikisika, akimfuata mdudu huyo kwa macho tu. Na mdudu alipotua mezani, mzee aliinua glasi nyingine tupu akamfunika nayo. Sanchari alimtambua papo hapo kuwa mwoga mwenzake.

Sahani zilipoondolewa, Bhullar alitoka jikoni amebeba bakuli la udongo kwa mikono miwili, na Jhuma akapiga makofi ya furaha. Ilikuwa payesh, wali uliopikwa katika maziwa na sukari ya mtende hadi ukawa mzito. Kwa Wabengali hakuna siku ya kuzaliwa bila payesh, na kijiko cha kwanza hulishwa mtu na mkubwa wake ili umri wake uwe mrefu. Jhuma alikuwa amekuja hapo Jumamosi jioni kwa siri kuiagiza.

Sanchari aliutazama uso wa lile bakuli. Ulikuwa mweupe, laini, na zabibu kavu tano.

"Dada Jhuma," alisema kwa sauti ya chini, "umewauliza?"

"Nimewaambia kwa kinywa changu mwenyewe. Wasitie korosho. Angalia, kuna hata moja?"

Haikuwapo hata moja. Kijiko kilikuwa tayari mbele ya midomo yake. Sanchari alifikiria kusema kwamba kifuko kiko Kassel. Alifikiria uso wa Mintu, ambaye kwa mara ya kwanza katika safari yote alikuwa ameshiba. Alifikiria pia kwamba tangu alipofiwa na mama yake hakuna aliyemlisha payesh, na kwamba Jhuma alilijua hilo. Akafungua kinywa.

Alimeza, na kwa muda wa pumzi tatu hapakuwa na kitu. Kisha kaakaa likaanza kumwasha.

Mwanzoni alijiambia kwamba ni hofu tu. Alikunywa maji. Mwasho ulishuka kooni, midomo ikawa mizito kana kwamba si yake, na masikio yakaanza kuvuma. Jhuma alikuwa bado anasimulia kitu. Sanchari alimshika mkono.

"Kuna korosho," alisema. "Na sindano nimezisahau Kassel."

Mintu alisimama ghafla hata kiti chake kikaanguka. Aliuliza duka la dawa liko wapi, akajibiwa kwamba ni Jumapili, akauliza tena swali lilelile. Bhullar alikuwa tayari kwenye simu na gari la wagonjwa, akitaja jina la barabara. Waliahidi kufika baada ya dakika kumi na mbili. Sanchari alizisikia hizo kumi na mbili vizuri sana. Mara ya mwisho, Kolkata, hakufikisha nane. Pumzi yake ilianza kutoa mluzi mwembamba, na kila alipoivuta, nafasi ya kupita ilikuwa imepungua. Jhuma alimkumbatia akirudia, "Mdogo wangu, nitazame mimi, nitazame mimi," lakini uso wa Jhuma ulikuwa unafifia pembeni kama picha iliyolowa.

Kiti cha dirishani kilisogea. Mzee alikuja akiwa bado na kitambaa shingoni, mkono umeingia mfuko wa ndani wa koti. Alitoa sindano yenye umbo la kalamu nene. Alimwambia Mintu amlaze chini na ainue miguu yake juu ya kiti, akasema bila haraka kwamba yake ni ya nyigu, lakini dawa ni ileile. Kisha akaikandamiza kwenye paja la Sanchari, juu ya nguo, akahesabu kwa sauti hadi kumi.

"Na wewe mzee, utabaki na nini?" Jhuma alimwuliza.

"Nyigu wa leo nimeshamfunika," alijibu.

Gari lilipofika, Sanchari alikuwa anapumua.

Hospitalini walimweka hadi asubuhi, kwa kuwa, daktari alieleza, hali hiyo huweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Basi alilala akiisikiliza kila pumzi yake, akiiogopa inayofuata. Jhuma aliketi kando ya kitanda na kumweleza yaliyotokea, akilia. Mpishi alikuwa ametii: hakuweka korosho juu. Lakini maziwa aliyazidisha uzito kwa korosho zilizosagwa, kwani katika jiko lile kila kitu cheupe kilianzia kwenye ndoo moja ya korosho hizo. Jhuma hakuwaza kuuliza hilo. Nyumbani kwao uzito wa payesh hutokana na wali, maziwa na subira ya saa mbili. Haikumpitikia akilini kwamba kuna mtu duniani angeutafuta kwingine.

Sanchari hakumlaumu. Aliuliza habari za mzee.

Jhuma alimweleza. Mzee aliitwa Zirngiebl. Nyigu walikuwa wamekaribia kumwua mara mbili, na sindano ile ilikuwa ya pekee; daktari wa kijiji chake yuko likizo hadi Alhamisi. Mzee mwenyewe alicheka akasema kwamba atakaa ndani na kufunga madirisha. Lakini Bhullar alimwambia Jhuma pembeni kwamba hilo haliwezekani. Mzee ana miti kumi na minane ya plamu, na gari la mnunuzi linakuja kesho mchana.

Tangu hapo Sanchari hakuisikiliza tena pumzi yake. Aliwaona nyigu. Aliwaona wakitambaa juu ya tunda lililopasuka, na mkono wa mzee ukinyooshwa kulichuma.

Jumatatu asubuhi daktari alimpa cheti cha sindano mbili, akamwonya asitoke mjini bila kuwa nayo moja mfukoni. Mintu alikimbilia duka la dawa. Alirudi baada ya nusu saa akiwa na moja tu. Ya pili, walimwambia, italetwa jioni. Tangu jana Mintu alikuwa hajatania mtu yeyote, wala daftari halikuonekana.

Bhullar aliwasubiri mlangoni mwa hospitali, amesimama kando ya gari lake la kupelekea chakula. Alikuwa amempigia mzee simu mara nne. Iliita tu.

"Labda yuko bafuni," Mintu alisema.

"Tangu saa moja asubuhi?" Bhullar aliuliza.

Sanchari alinyoosha kiganja, na Mintu akampa sindano. Aliposema waende kijijini, Jhuma alimshika bega.

"Hiyo ni yako, mdogo wangu. Umemsikia daktari. Tungoje jioni, tumpelekee ile nyingine."

"Jana alikuwa nayo moja, dada, na hakusubiri jioni."

"Ukishikwa njiani je?"

"Sitakula kitu chochote. Hata maji."

Jhuma akafungua mlango wa gari na kuketi nyuma, miguu yake katikati ya masufuria. Ndani kulinuka bizari na vitunguu, na Sanchari aliteremsha kioo, akaweka kinywa chake karibu na upepo. Hakujua katika masufuria yale mlikuwa mmepikwa nini. Bhullar aliendesha kwa kasi kupita kiasi. Walivuka mto, wakapita mashamba ya hopi, mmea wa kutengenezea bia, yaliyokwisha kuvunwa, nguzo zake zimesimama wazi. Mara mbili Bhullar alijaribu tena simu, na ndani ya gari wote wanne waliusikia mlio ule ukiita ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kuupokea.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kikombe cha kahawa kilikuwa mezani, kimefunikwa kikadi. Sanchari hakungoja wenzake. Alizunguka nyumba akiwa ameibana ile sindano kifuani, akaingia chini ya miti. Ardhi ilikuwa imejaa plamu zilizoanguka na kuoza, na juu yake nyigu walivuma kwa sauti moja nzito kama ya mtambo uliosahauliwa bila kuzimwa. Makreti kumi na mawili yalikuwa yamejazwa. Katikati ya makreti kulikuwa na kofia ya majani, imeanguka imepinduka.

Mwenye kofia hakuonekana.

Sanchari aliinama akatazama kati ya mashina. Kisha akaona ngazi kwenye mti wa mwisho, na miguu miwili kwenye ngazi, suruali imefungwa kwa kamba juu ya viatu. Miguu ilijongea. Mzee alikuwa juu kabisa, mikono ya shati nayo imefungwa kamba, shingo wazi, na nyigu wawili wakizunguka sikio lake. Sanchari alisimama alipokuwa. Alielewa kwamba akimshtua, mzee atapunga mkono. Na akipunga mkono, ataumwa. Nyuma yake wenzake walifika, akawanyamazisha kwa kiganja. Walisimama wanne, kimya, wakihesabu nyigu.

Mzee alichuma plamu nne zaidi. Mmoja wa wale nyigu alimtua shingoni, akatembea hadi kwenye ukosi, akaruka. Ndipo mzee alipogeuka kushusha kikapu, akawaona.

"Nilisema nitakaa ndani," alisema kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa. "Lakini mnunuzi hasubiri."

"Shuka, mzee," Sanchari alisema kwa utulivu. "Shuka polepole tu."

Alishuka ngazi moja moja. Alipofika chini Sanchari alikishika kile kiganja chenye utomvu wa plamu, akakifungua, akaiweka sindano ndani yake, na kuvikunja vidole vya mzee juu yake kimoja baada ya kingine mpaka vikafunga.