Mti wa Jordan

Saa moja kasoro asubuhi, Emiliana aliumwagia mti wake maji aliyooshea vyombo, kama kila siku. Dodoma maji hayachezewi. Mti wenyewe haukuzidi kimo cha mlango, na miti ya aina yake huchanua mwezi wa tisa tu, mvua ikiwa bado mbali. Chini yake alizika kitovu cha mwanawe, Jordan. Wenzake walizika vya watoto wao chini ya mizambarau na mipapai. Yeye alitaka urembo. Haya, akaupata.

Jordan yuko Mwanza, huu mwaka wa tisa. Kila akipiga simu na kusema, "Mama, nakuja," ua moja hufunguka. Mtaa mzima unajua. Jirani yake, Damas, akipita na baiskeli husimama kidogo.

"Shikamoo, mama. Jana kapiga mara mbili, naona."

"Marahaba. Mara mbili."

Wanafunzi wa chuo kikuu, kule Chimwaga, wakihitimu huja na majoho yao kupigia picha pale. Binti mmoja aliuliza mti unawekewa mbolea gani. "Ahadi za mwanangu," Emiliana akasema. Binti akaandika kwenye simu yake, akashukuru.

Mwaka huu macho ya Emiliana yaliingia ukungu. Hospitali ikampangia Alhamisi aondolewe mtoto wa jicho, aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Damas akajitolea. Emiliana akakataa katakata. Aende na jirani, kama mtu asiyezaa?

Wiki hiyo Jordan alipiga kila siku, tena mara nyingi. Maua yakazidi majani, na kufikia Jumatano tawi kubwa lilikuwa limeinama mpaka chini.

"Mwanangu," Emiliana akasema kwenye simu, "sema tu kwamba huji. Tawi litavunjika."

"Aa, mama jamani! Nakuja, haki ya Mungu. Kesho hiyohiyo."

Ua likafunguka. Tawi likapasuka nusu.

Alhamisi alikaa mlangoni na kitenge kipya, mkoba mapajani, mpaka saa za hospitali zikapita. Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Jioni Damas alikuja na kamba na nguzo ya kuegemezea tawi.

"Ni mengi?" Emiliana akauliza. Siku hizi aliyajua kwa kupapasa tu.

"Mengi, mama. Hata pa kuweka kamba sipaoni."

Simu ikaita. Emiliana akaitoa mkobani, na kabla ya kupokea akamwambia Damas alishike tawi vizuri.