Mahali Mistari Inapokwenda Kulala

Chepkosgei alipotoka jikoni na kibuyu cha maziwa alimkuta mumewe kwenye baraza ya nyumba, juu ya kigoda, jicho moja amelifumba na mkono ameunyoosha mbele. Ndani ya ngumi penseli ilisimama wima kama askari wa gwaride. Mbele ya mzee hapakuwa na adui yeyote. Ilikuwa michai tu, mstari baada ya mstari, imelala juu ya mgongo wa kilima ulio sawa kama meza, ikaenda, ikaenda, mpaka kwenye nyumba ya mabati ya kifungua mimba wao Kipkirui. Nyuma ya nyumba hiyo kilima kilikatika, na msitu wa Mau ukaanza.

"Baba Kipkirui, unamlenga nani?"

"Nampima Kipkirui."

"Na penseli?"

"Njoo uone. Nyumba nzima, mabati, mlango, kila kitu, inaingia kwenye ukucha wangu wa gumba."

"Ndiyo maana wajukuu hatuwaoni," Chepkosgei akasema, akiweka kibuyu chini. "Kumbe wameingia kwenye ukucha."

Mzee Aron arap Tonui alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na akishacheka neno humtoka kichwani kama maji kwenye kapu la kuchumia majani.

Kupima kwa penseli alikuona kwenye vitabu alivyopewa na Joab Oyoo. Huyo Oyoo alikuwa mtu wa kule ziwani, na kwa miaka ishirini na sita alipaka namba kwenye malori ya kiwanda cha chai na kuandika vibao vyote vya Kimulot, hata kile cha mchinja nyama chenye ng'ombe anayetabasamu, ambacho watu walikipenda kuliko nyama yenyewe. Alipostaafu, mwaka wa tisini na tano, alipitia kwa Aron kumuaga, akamwachia vitabu viwili vya kufundishia kuchora. Kimoja hakikuwa na jalada, na kingine mchwa walikuwa wamekila pembe. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza.

"Mimi niliishia darasa la pili, ndugu yangu," Aron alimwambia. "Hayo maneno nitayafanya nini?"

"Maneno yaache, omera. Wewe soma picha. Na kalamu usiikabe koo kama jembe, haitakimbia."

Sasa, haja ya kuchora ilitoka wapi? Aron alikuwa amefikia umri wa kuwaonyesha wanawe mashamba yao. Kwa desturi ya Wakipsigis kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo Kipyegon angepata kipande cha huku, na Kipkirui kipande cha kule alikokwisha kujenga. Ekari mbili kwa ekari mbili, Aron alikuwa amepima kwa kamba yake mwenyewe. Lakini maneno ya mdomo ni moshi, mwenye nyumba akifa hutokea dirishani. Alitaka aache picha ukutani, ili mjukuu aulize na ajibiwe na ukuta.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu ulimkasirisha. Palikuwa na reli mbili zinakwenda mbali, na kule mbali zimekutana.

"Uongo mtupu! Reli zikikutana, garimoshi lipite wapi?"

Yeye michai yake aliipanda kwa kamba na vigingi, fimbo ya futi nne kati ya mstari na mstari, na tangu siku hiyo hakuna mstari uliowahi kumtembelea mwenziwe. Akachora anavyojua: mistari yote sawa, juu mpaka chini. Kipyegon alipoiona picha aliinamisha kichwa huku na huku.

"Baba, hii shamba imesimama kama blanketi kwa kamba. Majani si yatamwagika?"

Basi akarudi kitabuni kwa unyenyekevu. Aliona kwamba kila ukurasa una mstari mmoja uliolala, na jicho la mtu limechorwa sawasawa na mstari huo. Akakaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne alichukua ufito, ule ambao wachumaji huulaza juu ya michai kuona jani gani limevuka kimo, akauinua mpaka usawa wa macho. Akasimama, ule mstari wa kitabuni ukapanda naye. Akachuchumaa, ukashuka naye. Kama mbwa na bwana wake! Na mistari yote ya chai, ile aliyoipanda kwa mkono wake isikutane, ilikuwa inakimbilia mahali pamoja juu ya ufito, inakwenda kulala huko.

Penye kulala mistari akachoma pini kwenye karatasi. Kwenye pini akafunga uzi, akauvuta huku na huku, akachora kwa kufuata uzi. Kamba na kigingi, kazi yake ya zamani, ila safari hii shamba lilikuwa dogo kuliko sinia. Akachora majani ya karibu moja moja. Kule mwisho, kwenye pini, akaweka nyumba ya Kipkirui. Mlango haukuingia. Penseli ilikuwa nene.

Jumamosi wazee wakaja, wakanywa chai, wakaonyeshwa mipaka kwa miguu. Kisha Aron akaitoa picha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

"Oyee! Hii chai mtu anaweza kutembea ndani," mzee mmoja akasema, akanyoosha shingo kama anayetafuta njia.

Kipkirui aliishika muda mrefu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno lilimtoka kama jiwe la kujengea.

"Baba. Mimi umenipa hii?"

"Hiyo ni picha tu. Ekari ni mbili na mbili, si umepita nazo saa hii?"

"Kwa Kipyegon nahesabu majani. Kwangu ni kama ulimi wa mbuzi. Hata mlango sina."

"Ni umbali, mwanangu. Kitabu kinasema..."

"Kitabu hakikushika penseli." Akairudisha picha mezani taratibu. "Binamu yangu amepata shamba la kukodisha Transmara. Jumatatu mimi na Caren tunahama na watoto. Hii ya hapa mpatie Kipyegon, hata ukucha unaifunika."

Chepkosgei alikuwa amemmiminia mursik, maziwa yake ya kibuyu. Kipkirui akakitazama kikombe, akatoka, na kikombe kikabaki kimejaa. Wazee waliinama. Mtoto anaweza kukataa shamba la baba yake, watu wakasema ni hasira. Lakini maziwa ya mama yake!

"Choma hiyo karatasi," mmoja akashauri, akienda.

Aron hakuichoma. Alifungua kitabu kama mtu anayefungua nyumba ya jirani kuomba moto. Kurasa za mwisho palikuwa na nyumba moja imechorwa mara tatu. Mara ya kwanza ni kubwa, imejaa ukurasa. Mara ya pili ubavu wake tu. Mara ya tatu ni punje ya mtama. Nyumba ni ile ile, lakini kila mara kijijitu chenye jicho kimesimama mahali pengine. Akakitazama kijijitu. Akatazama kigoda chake pale barazani, miguu yake imechimba vishimo sakafuni kwa miaka mingi. Kipkirui alijenga miaka minne iliyopita. Aron alikuwa amepita kwake kutafuta ndama aliyepotea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua akasema chamgei, akaitikiwa. Kuketi, hapana. Alihesabu kwa vidole ili asijidhulumu, na vidole vikakosa kazi.

Jumapili baada ya kanisa alibeba kigoda begani, na kitabu, na uzi. Alipita kati ya michai akipima kila hatua kwa fimbo yake, na mistari haikupungua popote. Futi nne, futi nne, mpaka mlangoni.

Mizigo ilikuwa imefungwa. Pembeni palikuwa na rundo la mawe yaliyochongwa vizuri.

"Haya mawe ni ya nini?" Aron akamuuliza Caren, mke wa Kipkirui.

"Ya jikoni, Baba. Alikuwa anachonga kidogo kidogo, jioni."

Aron alipanda juu ya mawe, akatega kigoda, akageukia alikotoka, akachoma pini. Baadaye akasikia mtu anapumua nyuma ya bega lake.

"Nyumba yako iko wapi?" Kipkirui akauliza.

"Kwa pini. Fumba jicho. Nyoosha mkono."

Kipkirui aliunyoosha, akasogeza gumba. Ilichukua muda.

"Ukucha," akasema.

"Ukucha."

Upepo ulipita juu ya chai. Uzi ulikuwa unateleza, na Kipkirui, bila kuambiwa, akaweka kidole juu ya pini kuushikilia.

"Mlango wako unatazama kwetu," Aron akasema.

"Tangu nijenge. Asubuhi nikiona moshi wenu, najua mama ameamka."

Kule mbali mtu alitoka kwenye ile nyumba ndogo. Akasimama barazani mahali ambapo kigoda hakikuwapo, akaweka mkono juu ya macho, akatafuta.

"Mchore mama," Kipkirui akasema.

"Ni mdogo sana. Hii penseli ni nene."

Caren alikuwa amekuja na kibuyu na vikombe viwili, akaviweka juu ya mawe kati yao. Mizigo bado ilikuwa imefungwa pale mlangoni. Kipkirui alichukua penseli mkononi mwa baba yake, akatoa kisu chake cha kupogolea, akaanza kuichonga polepole, akiizungusha, maganda yakidondoka juu ya mawe, mpaka ncha ikawa nyembamba kama mwiba. Akaijaribu kwenye ukucha. Akamrudishia.

"Sasa," akasema, "weka mama, na mlango wake."